Seti ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta umepata nafuu, na chumba ulichopewa na shangazi kimeacha kuvuja. Mimi sijambo, ila mgongo. Bado naosha vyombo vya kioo pale maabara, na bado wananiita Profesa, kwa sababu nasoma vitabu wanavyosahau mezani.

Shemeji ameoa tena. Fundi cherehani aliyeshona gauni ameniambia mama mkwe wako alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Yale magoti yaliyoshindwa kukubebea ndoo ukiwa mjamzito yamepona.

Huachi kuuliza nani alimjaza shemeji maneno hata akakufukuza, wiki mbili tu tangu mimba iharibike. Unawashuku mawifi. Waache, safari hii hawamo.

Shemeji alinijia kazini na majibu ya kipimo cha ile mimba. Daktari alimwambia arudi Jumatatu aelezwe, lakini subira ilimshinda. Akanibembeleza, Profesa wangu, hebu nisomee neno hili. Ilikuwa triploidi. Nikamweleza kwa sauti ya darasani kwamba seli ya mtu hubeba seti mbili za kromosomu, moja ya mama, moja ya baba, na hali hiyo huitwa diploidi. Triploidi ni seti tatu. Chini waliandika kuwa ya ziada imetoka upande wa baba. Akauliza taratibu, kwa hiyo baba ni wawili? Wenzangu walikuwa wameacha kuosha, wananisikiliza mimi. Nikamjibu kwamba hesabu haidanganyi, shemeji.

Jumatatu hakwenda kwa daktari.

Mwezi uliopita nilifungua ukurasa unaofuata wa kitabu nilimosoma hayo. Yai moja huweza kuingiwa na mbegu mbili za mume yuleyule, au mbegu moja iliyobeba seti mbili. Hutokea tu, bila kosa la mtu. Hata tikiti lisilo na mbegu lina seti tatu, na hakuna aliyelifukuza sokoni.

Nilimpelekea shemeji kitabu. Alisoma amesimama mlangoni, akanirudishia, akaniuliza kama sasa nataka amfukuze na huyu mpya.

Dada, sikukosea kwa kutojua. Alipouliza kama baba ni wawili, nilijua kabisa kuwa sijui. Nikaona haya kusema.

Nisalimie shangazi. Barua hii msomee yeyote utakayependa.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kusoma.