Kufuli kwenye mlango wa bibi yako

Mjimwema,
Njombe.
14 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Rejoice,

Kamwene mama. Hamjambo huko Tabora? Kifua cha mume wako kimepoa? Sisi tunapumua, Mungu anatubeba. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi majani ni meupe kabisa na viazi vya bondeni vimeungua. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Haya ninayoandika sikuweza kuyasema kwenye simu, maana bibi yako Tabea anasikia kila kitu, miguu tu ndiyo imegoma. Tangu alale kitandani mlango wetu haufungwi mchana. Sisi tukiwa shamba majirani wanaingia, huyu anampa uji, yule anamgeuza ubavu. Umekua ukiuona mlango ule, ni kamba tu, mbuzi asiingie.

Jumanne tulimzika mzee Laurenti. Tulienda wote, si unajua msiba wa kwetu, anayebaki nyumbani anasemwa. Nilimfunika bibi blanketi zote mbili nikaenda. Kurudi namkuta amejikunja kama mtoto mchanga, anatetemeka, hana hata moja. Mwanangu, mtu ameingia akamvua mgonjwa blanketi. Na alimwamkia kwanza. Shikamoo bibi, ndipo akavuta.

Sauti bibi aliijua. Ni Filbert, huyu wa hapo chini kwetu, aliyechimba kaburi asubuhi ile ile akaaga kwamba mgongo unamuuma. Tulienda na balozi wa nyumba kumi, tukakuta moja kitandani kwake, ina kiraka changu cha uzi mwekundu. Ya pili ameshainywea pombe.

Wala hakukana. Alikaa kwenye kiti akasema, "Mlango ulikuwa wazi, mama. Hata mbuzi angeingia." Watu wakacheka. Halafu balozi akanigeukia mimi, eti siku hizi nani anaacha mlango hivyo. Nikatoka nje kutema mate. Mwizi amekaa, anayeulizwa ni mimi.

Ile blanketi inanuka tumbaku yake. Nimeifua mara tatu, haitoki. Siwezi kumfunika nayo mama wa watu. Nimempa mbwa alalie. Mama Judith wa kanisani ametuazima yake.

Basi baba yako akanunua kufuli. Alhamisi nikamfungia bibi kwa nje, nikaenda kumwagilia kabichi. Ndoo mkononi, roho iko kwenye jiko la mkaa nililomwachia chumbani. Likimwangukia je? Nikaacha kabichi nikarudi mbio. Mlangoni nakuta bakuli la uji wa jirani yetu Asteria, umeganda. Alibisha, bibi akaitikia, wakaongea mbao katikati mpaka yule akachoka kusimama akaenda zake.

Nilipofungua bibi aliniuliza neno moja tu, "Nimemkosea nani?"

Nilimwosha miguu.

Jioni ile ile nikampa Asteria ufunguo wa pili. Baba yako amenuna, anasema hiyo ni sawa na kuacha wazi. Anune. Lakini Asteria ni mmoja, naye ana shamba lake, na wale wengine wakiona kufuli wanageuka. Juzi Ijumaa hakuingia mtu mpaka saa kumi. Kwa hiyo mwanangu, ile safari yako ya Desemba, kama mwenye kazi yako anakubali, ivute ije Agosti, hata wiki mbili. Nyumba ikiwa na mtu ndani tutafungua.

Wewe huko funga, mama. Na usiku uhakikishe tena.

Baba yako anakusalimu pamoja na kununa kwake. Wadogo zako Elius na Lidia, wanaoshinda shuleni, wanawasalimu watoto. Bibi naye anasema siku ukifika usibishe, ingia tu. Sijamwambia kwamba itabidi unisubiri nije na ufunguo.

Mungu awafunike wote, mchana na usiku.

Ni mimi mama yako nikupendaye,
Mama Rejoice