Mume Wangu Amepanda Ndege

Jumanne, 5 Machi

Ndege imepita chini mno leo. Watoto wakaziba masikio, midomo wazi, nami nimesimama kama sanamu na chaki mkononi. Chekechea yangu ni sebule tu niliyoitoa makochi, lakini ni yangu. Na sasa wanaitaka! Uwanja wa ndege unaongezewa njia ya kurukia, na mtaa wetu mzima umo ndani ya ramani yao.

Jioni mume wangu, mwenyekiti wa kamati ya kupinga, alipanda juu ya benchi mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Akasema hatoki mtu hapa, labda watubebe na vitanda vyetu. Makofi! Nilimpenda upya, kusema kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Tabasamu kaja. Ndiye afisa mahusiano wa uwanja. Jina nimempa mimi, maana hata akikwambia nyumba yako inavunjwa, meno yote nje. Kaialika kamati kwenye "ziara ya mafunzo". Wapande ndege, wakaone mji ambako watu walihamishiwa na eti wamefurahi. Asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Fundi baiskeli, katibu wetu, kakataa palepale. Hapandi kitu kinachokuja kumvunjia. Mume wangu akasema lazima tumjue adui. Adui gani anakukatia tiketi? Nimeuliza hivyo tu. Akaniambia nisiwe mkali. Mimi! Mkali!

Jumapili, 10 Machi

Kapiga pasi shati lake mwenyewe. Tangu anioe sijamwona na pasi mkononi. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, akamtazama juu mpaka chini. "Unakwenda kupinga au kuposa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu hakucheka.

Jumatatu, 11 Machi

Karudi. Mawingu! Habari ya kwanza ni mawingu. Eti ukiwa juu ni kama pamba iliyochambuliwa. Eti alikaa dirishani. Eti mhudumu alimwita mheshimiwa, akamletea juisi, akamwuliza kama yuko sawa.

Nikasubiri amalize. Na watu waliohamishwa, umezungumza nao? Akarudi kwenye mawingu. Nikarudia. Akasema waliwaona. Waliwaona wapi? Kwenye basi. Yaani walipitishwa na basi, wakachungulia kwa kioo! Nyumba nzuri, zimenyooka mstari. Hawakushuka, muda ulibana. Ni mbali na mji? Kidogo. Shule? Itajengwa.

Halafu akasema taratibu, macho darini: "Mke wangu, mtaa wetu ukiwa juu ni mdogo sana. Hata sikuuona."

Nimeondoka mezani. Sahani nimeiacha.

Alhamisi, 14 Machi

Maendeleo, maendeleo, maendeleo. Wiki iliyopita neno hilo halikuwa kinywani mwake. Leo analisema hata akifunga kamba za viatu.

Fundi baiskeli kanisimamisha njiani. "Shemeji, mwenyekiti anaumwa?" Nikasema ndiyo, anaumwa. Ningesema nini?

Jumamosi, 16 Machi

Mkutano wa hadhara, kiwanja cha mpira. Tulimwekea mume wangu kiti katikati yetu. Hakukikalia! Kapita moja kwa moja hadi meza kuu, kaketi ubavuni mwa Bwana Tabasamu, chupa ya maji mbele yake kama wakubwa. Akashika kipaza sauti. Eti amefika, ameona kwa macho yake, tusiogope.

Makofi? Hakuna.

Kisha muuza mkaa akauliza kutoka nyuma: "Uliona kwa niaba ya nani?" Hapo pakachafuka. Ndege nayo ikapita, mdomo wa mume wangu ukawa unacheza tu bila neno. Mara ya kwanza maishani nimeishukuru ndege.

Wakamvua uenyekiti kwa kunyoosha mikono. Wangu pia niliunyoosha. Aliuona. Fundi baiskeli akapaza sauti: Mwalimu achukue! Nikasema hapana. Ndipo nikasikia mkono mgongoni — mama mkwe ananisukuma. "Simama, mwanangu. Mimi nilimzaa tu, akili alijitafutia mwenyewe." Watu wakacheka. Nikasimama.

Nyumbani nikamwambia: walikununua kwa juisi. Hakukasirika. Akasema hujui nilivyojisikia, mtu kama mimi. Ikaniuma, kwa sababu najua. Maisha yake yote anapaka rangi nyumba za watu na anaingilia mlango wa nyuma. Nani aliwahi kumwita mheshimiwa? Lakini ndiyo atuuze? Ndiyo awauze watoto wa wenzake? Hapana! Nimekataa kumhurumia. Nikianza tu, nimekwisha.

Jumatano, 20 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kizingitini, mlango wa darasa nimeuziba kwa mwili wangu. Nisipoandika nitatukana. Watoto wako ndani, mama mkwe anawasimulia hadithi ya sungura na anaikosea kila mahali. Wapima ardhi wamekuja na vigingi vyekundu. Cha kwanza kinatakiwa hapa mlangoni pangu. Hapa hasa!

Wazazi wameketi chini, uani kote. Fundi baiskeli kalaza baiskeli zake zote getini, gari la wapima haliingii. Kiongozi wao kaweka nyundo chini. Anasema hana ugomvi na watoto wa watu.

Bwana Tabasamu leo meno kayafunika. Kaiokota nyundo, kampa mume wangu, aliyekuja naye. Nimemsikia: "Nyumba ni yako. Ukipiga wewe, nani atalalamika?"

Kaipokea! Kigingi pia!

Anakuja. Kanifikia. "Mwalimu, sogea kidogo," anasema chinichini, wazazi wasisikie. Siinui kichwa. Naandika. "Mke wangu, tafadhali. Wananitazama."

Nimemjibu kwa sauti, kila mtu asikie: "Piga hapa nilipokaa."

Nyuma yangu hadithi ya sungura imekatika.

Naona viatu vya mume wangu tu, vina madoa ya rangi. Haviji mbele. Havirudi nyuma.