Sanduku la Baridi kwenye Boti ya Sharif

Kwa mkono wa duka la Dolphine,
Karibu na gati,
Homa Bay.
28 Novemba 1996.

Mpendwa kaka Gisiri,

Nakusalimu sana, mimi ndugu yako Matiko, nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu hapa gatini. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Garissa pamoja na wenzako wa gereji. Ule mguu ulioangukiwa na jeki unaendeleaje? Kama bado unavimba jioni usijifanye kijana, mwambie tajiri wako akupe kazi ya kukaa. Mimi si mgonjwa, ila mgongo unaniuma kila asubuhi na viganja vimepasuka kwa kubeba barafu. Watu hapa wanacheka nikiwaambia nateseka kwa baridi katika mji wenye joto kama huu.

Barua yako ya Septemba niliipata. Mchoro nao niliupata. Kuhusu mchoro tutaongea, lakini nimeanza na salamu kwanza ili usiseme sina adabu.

Habari ya nyumbani ndiyo iliyoniingiza katika taabu hii yote. Rispa anaolewa. Wageni wataleta ng'ombe Jumamosi tarehe 14 Desemba. Kijana ni fundi wa matofali, upande wa Kehancha, hanywi, na alikuja mwenyewe hapa Homa Bay kunisalimu na kuku chini ya kwapa. Nimempenda.

Lakini unamjua baba mdogo Mirumbe. Amekwisha kutangaza kwamba nisipofika ni yeye atakayepokea ng'ombe, na hakuna asiyejua wataingia zizi gani, maana anatafuta mke wa tatu na meno yenyewe yamebaki manne. Rispa ameniandikia kwa mkono wake. Anasema siku hiyo akiulizwa mbele ya watu kama amekubali, hatafungua mdomo mpaka anione nimeketi. "Baba, usipokuja nitakaa jikoni, na wageni watarudi na ng'ombe wao." Huyo ni mtoto wangu kabisa. Atakaa jikoni kweli, na kijana wa watu ataondoka na aibu, na sidhani atarudi tena.

Kwa hiyo ni lazima nifike. Na tajiri wangu Sharif hajanipa ruhusa tangu Pasaka. Ukiondoka bila ruhusa hapa, unakuta mtu mwingine amevaa gamubuti zako. Asubuhi tu wanaume kumi wamesimama gatini wakingoja mmoja wetu ateleze.

Kazi yangu unaijua. Tunapakia barafu hapa, tunaipeleka kisiwa cha Remba, tunanunua samaki aina ya mbuta, tunawafunika kwa barafu, tunarudi nao. Mwaka huu Sharif alinunua boti kubwa zaidi, yenye chumba cha mabati nyuma, juu ya injini. Aliyejenga chumba hicho hakupata kukaa ndani yake hata dakika moja. Jua linakipiga juu, injini inakichoma chini. Sharif ni mtu mnene wa Lamu, ana presha, na daktari alimwonya kuhusu joto. Sasa na magugu maji yamefunga njia, safari iliyokuwa ya saa tano imekuwa ya saa nane. Siku moja ya Agosti alitoka humo ndani, akapita katikati yetu, akakaa juu ya barafu ya samaki na kanzu yake nyeupe.

Akiwa amekaa hapo ndipo aliponiita. "Matiko, si una kaka fundi? Nifanyieni kitu chumba hiki kipoe. Kikipoa, Desemba nakupa siku kumi, nenda kaoze mtoto wako." Aliyasema hayo mbele ya Onyancha, fundi wetu wa injini, na mbele ya Phanice, karani anayeandika mizani. Ndiyo maana nilikuandikia.

Sasa tuje kwenye mchoro wako, kaka.

Ulichora sanduku lenye kifuniko, matundu mawili, feni kwenye tundu moja, paipu kwenye tundu la pili, barafu ndani. Vizuri. Lakini mshale wa upepo uliuchora ukiingia kutoka nyuma, na nyuma kwetu ndiko injini inakotolea moshi. Nilifuata mshale wako kama mtu anayefuata amri ya chifu. Feni niliitoa kwenye Peugeot iliyokufa huko Migori. Tulipoiwasha, ilivuta moshi wote wa injini, ikaupitisha kwenye barafu, ikaumwaga usoni mwa Sharif. Alitoka na uso wa mtu wa makaa. Phanice alicheka mpaka akaangusha kitabu cha mizani majini.

Nikageuza sanduku, tundu la feni likaangalia mbele, kwenye hewa safi. Hapo baridi ilitoka. Lakini ilitoka na jambo jingine, na hili si kosa lako, ni langu. Sanduku nililotumia ni boksi la samaki. Lina sponji nene ndani, linashika baridi kuliko kitu chochote, na tunayo mengi. Limebeba mbuta miaka mitatu. Mimi pua yangu haisikii tena harufu ya samaki, na ya Onyancha ni hivyo hivyo, kwa hiyo tulikaa mbele ya paipu tukipongezana. Sharif aliingia, akafunga mlango, akakaa kidogo, akafungua mlango. "Matiko," akasema, "umeniweka ndani ya tumbo la mbuta."

Nililisugua kwa sabuni ya unga, kwa jivu, kwa ndimu ishirini, nikalianika juani wiki nzima. Wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale pwani wakaniuliza kama ninaoa, maana hawajaona mwanamume akisugua kitu namna hiyo. Mwishowe harufu ilitoka. Sitaki kuona ndimu tena.

Tukaingia safari ya pili. Baridi nzuri, harufu hakuna, lakini mvua ikaanza kunyesha ndani ya chumba. Sikudanganyi. Barafu ilikuwa inayeyuka, feni inarusha matone, ukuta wote unatoa jasho. Karatasi za Phanice zililowa mpaka kilo za watu wote zikawa doa moja la bluu, na wavuvi wa Remba walikuja juu kama nyuki. Huko kwako hewa ni kavu, ukitundika gunia bichi dirishani unashukuru Mungu. Hapa ziwani maji yako kila mahali, hata kwenye pumzi. Ungefikiria hilo kabla ya kuchora.

Safari ya tatu feni ilimaliza betri. Tulikuwa tumezima injini ili tutoe magugu kwenye rafadha chini ya boti, na Sharif hakutaka feni izimwe. Tulipotaka kuondoka injini haikusema kitu. Tulikaa katikati ya magugu tangu asubuhi mpaka saa tisa, mbuta wanaanza kulegea, Onyancha ananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyeleta magugu ziwani. "Fundi wa baridi," ananiambia, "piga hiyo feni yako iturudishe nyumbani." Tulikokotwa na mtumbwi wa omena. Nilitaka kulitupa sanduku majini siku hiyo, na mchoro wako, na jina lako.

Kilichoniokoa nilikiona kwa bahati tu, dukani kwa Dolphine. Yeye huweka maji kwenye jerikeni ndogo za mafuta ya kupikia, anazigandisha kwenye friza, anaziweka katikati ya soda. Maji yanayeyuka humo humo ndani ya jerikeni, soda hazilowi. Nilisimama pale kaunta kama mjinga. Miezi miwili nahangaika, na jibu liko chini ya Fanta. Nikakusanya jerikeni nane na nyingine za kubadilishia, nikaomba kule kiwanda cha barafu wanigandishie, nikazipanga zikiwa zimefungwa vizuri ndani ya sanduku jipya, maana lile la kwanza lilikuwa limepata ufa. Onyancha naye akaunganisha feni hivi kwamba injini ikizima nayo inazima.

Kaka, chumba kilipoa. Kilipoa vibaya sana. Sharif alivaa sweta ya kijani aliyonunua Kericho, akaagiza chai ya moto. Wachuuzi wa Remba wakawa wanakuja kubishana bei humo ndani na hawaondoki, hata waliokwisha kuuza. Onyancha akawa anaacha injini peke yake anakuja "kukagua feni". Nilisimama mlangoni nikifikiria siku zangu kumi, nikaona kabisa nimeketi kwenye kiti changu nyumbani na Mirumbe ameketi mbali.

Nilipomkumbusha Sharif, alikunywa chai yake kwanza. "Ukienda wewe, nani atabadilisha jerikeni kila saa mbili? Nani anajua ipi iende chini?"

Nikamwambia, "Uliniahidi kikipoa nitaenda."

"Kimepoa kwa sababu upo."

Nieleze wewe uliyesoma kuliko mimi, mtu anajibu nini hapo? Kama ningeshindwa, angeninyima ruhusa kwa kushindwa. Nimeweza, ananinyima kwa kuweza. Nimebeba barafu ya huyu mtu miaka sita na sijawahi kuwa na thamani mpaka siku nilipotaka kuondoka. Sikulala vizuri kwa siku kadhaa, na niliongea maneno mabaya juu yako pia. Nisamehe.

Aliyenitoa hapo ni Phanice. Yeye hukaa chumbani humo kutwa na karatasi zake, ameteseka na joto, na moshi, na mvua yangu, na hakuna aliyemwuliza. Aliniambia, "Mzee, nionyeshe mara moja tu." Nikamwonyesha alasiri moja: zilizoyeyuka zinatoka juu, zilizoganda zinaingia chini, kifuniko kifungwe kwa mpira, usizibe tundu la mbele. Akafanya. Akafanya upesi kuliko mimi. Kisha akamgeukia Sharif, mbele ya wachuuzi watatu wa Remba. "Tajiri, mimi nimelea mapacha. Hiki kitu nacho kinalishwa na kubadilishwa nepi, basi. Mwache mzee akaoze."

Wachuuzi walicheka, na Sharif hapendi kuchekwa mbele ya watu anaonunua kwao. Akasema haya, tutajaribu. Safari moja bila Matiko, kwenda Remba na kurudi. Chumba kikibaki baridi mpaka gatini, nina siku kumi. Joto likirudi, nisilitaje tena jambo hilo mwaka huu.

Waliondoka jana alfajiri. Leo ndiyo wanarudi, na ndiyo sababu unaona mwandiko wangu unakwenda huku na huku, kila mstari natazama ziwani. Sharif akitoka na fulana, mikono imeshika kiuno, basi nimebaki hapa na itabidi wewe uketi badala yangu. Akitoka na sweta, nimeshinda.

Kwa vyovyote naomba ufike nyumbani Isebania kabla ya tarehe 12. Usimwandikie Mirumbe kwamba unakuja. Ukifika keti kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa zizi, na hata akikuletea pombe usiondoke hapo. Mwambie Mokeira mke wangu asimwazime yule mzee kamba yoyote ya kufungia ng'ombe wiki hiyo.

Nimeacha kuandika kidogo. Boti inaonekana, inapita kwenye magugu polepole.

Wamefunga kamba. Phanice ametoka kwanza na kitabu chake, kikavu, hakunitazama, kwa hiyo sikujua kitu. Onyancha akatoka na kofia ya sufi. Kisha Sharif. Sweta ya kijani, kaka, na juu yake blanketi, na pua nyekundu. Alipita mbele yangu akipiga chafya. "Huyu mwanamke anataka kuniua," akaniambia. "Nenda huko Isebania, na siku zako kumi zikiisha uwe hapa umpunguzie mkono wa barafu."

Hakusema asante. Sikuitegemea. Nimekaa tena kwenye kreti yangu.

Basi nitaondoka hapa tarehe 11. Nimeomba lile sanduku la kwanza la majaribio, lenye ufa, na Sharif amesema nilichukue lisimchafulie gati. Nitalibeba. Wageni wa Rispa watakunywa soda baridi, na Mirumbe akiuliza limetoka wapi, mwambie wewe ndiye uliyelichora. Ila usimwonyeshe mchoro wenyewe.

Nisalimie wenzako wote wa gereji. Nikikutangulia nyumbani nitampa Mokeira na mama salamu zako kabla hawajaniuliza, na Rispa nitamwambia atoke jikoni. Mungu akulinde katika ile barabara ndefu kutoka Garissa, na auguse mguu wako.

Nduguyo akupendaye, hata baada ya ule mshale,

Matiko