Pemba Tangu Mimba ya Kwanza

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kikao na waandishi, hospitali ya rufaa. Tuliitwa saa tatu, kikaanza saa tano. Bingwa hachelewi, sisi ndio tunawahi. Maji ya chupa, korosho, na kitabu cha mkutano wa kisayansi wa wiki ijayo. Nimekisoma nikisubiri. Mtu mwenye moyo upande wa kulia. Mzee aliyeota jino ndani ya pua. Mtoto aliyemeza betri ya rimoti. Kila mmoja ni "wa kwanza Afrika Mashariki". Mwaka jana nao walikuwa wa kwanza, wote.

Kisa kikubwa ni cha Dk. Wambura. Mama wa Mlali, miaka arobaini na moja, yuko wodini mwezi wa pili. Miguu inalegea, hawezi kusimama. Anawekewa potasiamu kwenye dripu, anainuka. Siku chache, analegea tena. Bingwa anasema ni ugonjwa wa kurithi, umo kwenye ukoo, watoto wapimwe. Sampuli imepelekwa nje. Kwenye skrini: "Pemba tangu mimba ya kwanza." Chini yake ramani ya kisiwa, imepakwa nyekundu. Huenda ndiko ukoo ulikotoka, akasema.

Nimeandika maneno mia nne. Kijiji nimetaja, umri nimetaja, jina sikutaja. Kazi safi.

Jumanne, 5 Novemba

Ukurasa wa kwanza. Mudrick, mhariri wangu kule Dar, kaweka kichwa chake: UGONJWA WA AJABU WA UKOO WATUA DODOMA. Sikuandika ajabu. Sikuandika watua — ugonjwa si ndege. Lakini ukoo niliandika.

Ijumaa, 8 Novemba

Binti kaja ofisini. Kakaa kabla sijamkaribisha, gazeti kalikunja mara nne.

— Shikamoo baba.

— Marahaba.

— Wewe ndiye uliyemzika mama yangu?

Anaitwa Edina. Mama yake, Loisi, ndiye mgonjwa wa kisa. Nikasema sikutaja jina. Akacheka, si kwa furaha. Mlali kuna wanawake wangapi wa miaka arobaini na moja waliolala Dodoma na miguu imelegea? Mmoja.

Ameposwa na kijana aitwaye Jordan. Mjomba wa Jordan, mzee Ebenezer, amekata habari yangu kwa mkasi na kuiweka ndani ya Biblia. Amesema hawawezi kuoa miguu itakayolegea. Jumamosi ya tarehe 16 wazee wanakaa. Ikikosekana karatasi ya daktari inayosema ukoo ni mzima, posa inarudi.

Alipofika mlangoni akageuka:

— Na hiyo Pemba mmeitoa wapi? Mama hajawahi kuvuka Gairo. Bahari anaiona kwenye kalenda.

Miaka ishirini na sita kazini. Sikuuliza.

Jumamosi, 9 Novemba

Wodi ya wanawake, saa ya kuona wagonjwa. Edina alikuwepo na chupa ya uji. Loisi ni mwembamba, macho makali. Nimemuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na watu sita kabla yangu: mama, Pemba ulikwenda lini?

— Kwenda wapi, baba? Pemba naila.

Akafungua fundo la khanga. Vijiti vya udongo, vya kijivu, vimechongwa kama chaki. Akavunja kimoja, akatafuna mbele yangu, kwa utulivu wa mtu anayekula karanga. Daktari wa zamu alimuuliza anatumia nini. Akajibu pemba. Tangu lini? Tangu mimba ya kwanza. Yule akaandika alivyosikia. Bingwa akasoma alivyotaka.

Nesi Penina alikuwa anabadilisha dripu. Ilibidi aiweke chini, kicheko kilimzidi.

— Kaka, yaani mmempeleka mwenzenu kisiwani! Mkeo hakuwahi kubeba mimba?

Alibeba. Mwaka 1998 nilimnunulia pemba mwenyewe, sokoni Majengo, imefungwa kwenye gazeti. Huenda gazeti langu.

Penina akaacha kucheka. Akaanza kuhesabu kwa vidole siku pakiti za pemba zinapoletwa. Pakiti huja Jumapili, miguu hulegea Jumatano. Pakiti huja Jumapili, miguu hulegea Jumatano. Aliwahi kuona kisa kama hiki kituo chake cha zamani: udongo mwingi tumboni unafyonza potasiamu, haifiki mwilini. Si ukoo. Ni pakiti.

— Na pakiti analeta nani? akauliza.

Edina akaangalia chupa ya uji. 

Loisi ametoa vijiti vyote isipokuwa kimoja. "Hiki sili. Kinanipa harufu ya mvua tu." Penina kamwachia.

Jumatatu, 11 Novemba

Dk. Wambura kanipa dakika kumi. Nne alizitumia kwenye simu. Nikamweleza.

— Mwandishi, hizo ni habari za wodini. Fomu inauliza kama anakula kitu kisicho chakula. Alijibu hapana.

Nikamwambia kwake pemba ni chakula. Akaniuliza nina shahada ya nini. Nikasema ya uandishi, na hata hiyo haikunisaidia. Hakucheka. Muhtasari umeshachapwa, jarida la nje limeshaupokea. Majibu ya vinasaba ni baada ya miezi minne. Nikamwambia wazee wanakaa Jumamosi.

— Sayansi haiendi kwa kalenda ya posa.

Ila ramani inaweza kwenda kwa mwandiko wa mtu wa zamu. Karatasi ya Edina? Hawezi kuandika kitu ambacho utafiti haujathibitisha. Kunitangazia ugonjwa wa ukoo mbele ya kamera tano, hilo utafiti ulikuwa umethibitisha!

Jumanne, 12 Novemba

Nimemtumia Mudrick masahihisho. Kapiga simu mwenyewe.

— Mzee, tukisema tumekosea, wasomaji watasema tumekosea.

Ndiyo maana ya neno lenyewe. Anaweza kunipa mistari mitatu, ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la viwanja. Au habari mpya: MAMA AWASHANGAZA MADAKTARI KWA KULA UDONGO. Yaani tumfukue, tumzike upya. Nimekataa. Mistari mitatu imechapwa mtandaoni. Imesomwa na watu kumi na mmoja, nami nimo.

Jumatano, 13 Novemba

Ujumbe wa Penina: "Siku ya nne bila pemba. Leo katembea mpaka chooni, hajashika ukuta." Nimempigia Edina. Nikamwambia amlete mzee Ebenezer mkutanoni kesho. Akauliza kuna nini. Nikasema sijui. Ni kweli, sijui.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika hapahapa, ukumbini, safu ya waandishi. Viyoyozi vya kugandisha nyama. Daktari wa jino la puani amepigiwa makofi. Mwenye jino hakualikwa.

Edina yuko safu ya tatu kutoka nyuma. Mzee Ebenezer pembeni yake, koti jeusi, Biblia magotini. Kipande changu cha gazeti kimechomoza kati ya kurasa.

Dk. Wambura jukwaani. Ramani ileile, nyekundu ileile. Anasema mgonjwa ameitikia matibabu yake kwa namna isiyotarajiwa. Isiyotarajiwa na yeye. Wamemleta Loisi kuonyeshwa. Amesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, ingawa miguu anayo. Fomu ya ridhaa ameweka dole gumba. Nyuma wamesimama manesi, Penina katikati.

Maswali mawili tu, anasema mwenyekiti, na waandishi wataongea nje. Nimesimama. Nimeuliza bila kipaza sauti: mgonjwa alikaa Pemba miaka mingapi, na nani alimuuliza?

Minong'ono. Wambura katabasamu vile watu wanavyotabasamu kwa mlevi msibani.

— Huyu ndugu ana wasiwasi na faili. Basi tumuulize mwenyewe, yupo. Mama, waambie mabingwa. Pemba, miaka mingapi?

Kampelekea kipaza sauti mdomoni. Loisi kamtazama yeye, kisha skrini, kisha akatafuta kwa macho mpaka akampata Edina. Sasa ameweka mkono kwenye fundo la khanga, lenye kile kijiti kimoja.

Manesi nyuma wameanza kucheka kabla hajalifungua. Mzee Ebenezer amegeuka kuwatazama, anataka kujua wanacheka nini. Wambura bado ameinama, ameshika kipaza sauti, anasubiri idadi ya miaka —