Baba Mkwe na Bendera Nyekundu

Kambi ya Makuruta,
Shinyanga.
6 Machi, 1943.

Mpendwa Kaka Athanas,

Shikamoo. Habari za huko Geita na za machimboni? Kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa vumbi la mawe kimepoa? Shemeji Philomena na watoto hawajambo? Mimi mwili u mzima, ugali wa jeshi naula na kuumaliza. Moyo ndio mgonjwa.

Tarehe 15 tutapewa mtihani wa usalama, kabla hatujakabidhiwa risasi za kweli. Kwa sasa tunabeba bunduki za mti kama watoto wanaocheza. Maswali tunajibu kwa mdomo, na masomo yote nimeyashika: mdomo wa bunduki usimwelekee mtu, bomu lililokataa kulipuka usiliguse. Hapo sajini hanipati.

Kinachonimaliza ni bendera nyekundu. Mtu akiivuka wakati wenzake wanalenga shabaha, kuruta aliye karibu lazima apige kelele, "Acha!" Awe bwana mkubwa, awe nani. Siku ya mtihani humtuma mtu aivuke ghafla, wakuone utafanya nini.

Sasa sikia balaa langu. Koplo wetu ni Mzee Maganga, baba yake Mbuke wangu, askari wa siku nyingi. Unajua tulivyolelewa, kaka. Baba mkwe nampisha njia, simtazami usoni, na tangu nimeoa sijapaza sauti mbele yake. Alhamisi, kwenye majaribio, akaivuka bendera mbele yangu. Nikainamisha kichwa, kimya. Sajini akawatangazia wote kwamba zingekuwa risasi za kweli, ningekuwa nimeua koplo. Walicheka sana. Mimi nililia, sikufichi.

Jioni mzee akanijia mwenyewe. "Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "heshima yako itanizika." Nikaitikia tu, macho chini.

Na siku ya mtihani ni yeye tena atakayevuka. Nikishindwa nitanyang'anywa bunduki nipelekwe kubeba mizigo, na kikosi kitavuka bahari bila mimi. Mbuke alinisihi nisitengane na baba yake huko vitani, maana mzee hana mtoto wa kiume. Nikamwapia. Nitamwambia nini?

Nimekata tamaa, kaka. Jana nilikwenda porini nikafoka "Acha!" mpaka ng'ombe wa watu wakasimama. Nikajipa moyo kidogo. Kurudi kambini nikakutana na mzee njiani. Kabla sijafikiri lolote, nimeshashuka pembeni kumpisha.

Nisalimie shemeji, na Mama Mdogo Scolastika, na Cornel mwambie lile jembe lake liko kwa Mbuke. Mungu akuteremshe shimoni salama na kukupandisha salama kila siku. Mkisali, msiniombee akili, masomo nayajua. Niombeeni sauti.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Donatus