Trei Nyeusi Chini ya Taa

Jumatatu, 4 Machi

Zimekufa! Seli zote za saratani nilizozipa unga wa kaboni — dakika tano za taa tu, kwisha kazi. Kaboni inanyonya mwanga, inapata moto, inaziunguza. Zisizo na kaboni ziko hai. Mkuu wa maabara kasema nisipige kelele kwanza. Nani aweze! Nimempigia dada palepale. Uvimbe wake ule wa titi unaninyima raha. Nikamwambia: dada, siku si nyingi ni taa tu, hakuna kisu.

Jumatano, 6 Machi

Dada kaahirisha upasuaji. Ati anasubiri taa ya mdogo wake! Shemeji kapiga simu, sauti ya chini: una uhakika? Nikasema hayo ni mambo ya vijisahani vya maabara, kwa watu bado miaka. Akauliza: mbona dada yako hukumwambia hivyo? Mdomo wangu huu, utaniponza.

Nitampigia dada kesho. Kwanza nirudie jaribio, nisiende mikono mitupu.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Leo nimepanga vijisahani vyote kwenye trei, vyenye kaboni na visivyo nayo. Vyote vimekufa. Vyote! Nikagusa trei — moto. Trei nyeusi, niliichagua mwenyewe kwa sababu haionyeshi madoa. Inanyonya mwanga, inazipika seli kutokea chini. Jumatatu trei ilijaa zenye kaboni, zisizo nayo nikaziweka pembeni, taa ileile, ila juu ya meza nyeupe. Ndiyo maana zilipona. Kumbe nilikuwa nashangilia trei.

Mkuu hata hakukasirika. Kasema tununue nyeupe, tuanze upya.

Kuanza upya! Na dada je?

Jumamosi, 9 Machi

Niko chooni kwa dada, nimejifungia, naandika magotini.

Nilikuja kusema. Njia nzima nimekariri: nimekosea, nisamehe, hospitali wanakushikia nafasi mpaka Jumatatu asubuhi, twende. Shemeji kanifungulia, kanikazia macho. Dada kanirukia shingoni, anacheka, kanenepa kidogo hata. Sebuleni kuna mama mmoja mgeni, kilemba kichwani, begi mapajani. Walijuana kwenye foleni ya kliniki. Dada akamwambia ndiye huyu, mtaalamu wangu. Mama yule akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hataki kuuachia. Akasema na yeye jana kaenda kufuta tarehe yake ya upasuaji.

Nikasema naomba kunawa uso.

Dada anagonga. Mdogo wangu, toka basi, mwenzangu ana maswali —