Amplifaya Iliyovishwa Kitambaa

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo Magesa,

Huku Nyegina hatujambo. Mama yako amepona malaria, na mihogo tuliyoanika inakauka vizuri.

Umeniuliza kama hiyo amplifaya maarufu ya gita inastahili bei yake. Babu yako alinunuaga ya namna hiyo, bidhaa za nje zilipoanza kuingia. Aliuza ng'ombe. Siku alipoijaribu sebuleni nilisahau ya jikoni, ugali ukaungua.

Basi nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua. Bendi yake ilipoitwa harusini Buswahili, akaitazama amplifaya, akalitazama lori.

"Barabara ile itaniulia hii," akasema.

Akabeba amplifaya yake kuukuu, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Watu walicheza mpaka vumbi likatimka. Ikawa hivyo kila safari. Ile mpya ilibakiaga sebuleni, wageni wakisifia kitambaa changu.

Sauti yake ni nzuri, mjukuu wangu, sikudanganyi. Kama utakuwa na moyo wa kuipandisha kwenye lori, inunue.

Ila kitambaa usije ukaniomba.

Bibi yako,
Nyangeta